Bunduki ya Wenzo Mbele ya Nyati

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania hufunguliwa mwezi wa Julai, na miongoni mwa wageni wanaoshuka na masanduku yao marefu hakosi kuwamo mmoja aliyebeba moyoni sura ya Theodore Roosevelt, aliyefika Mombasa mwezi wa Aprili 1909, majuma machache baada ya kuacha urais wa Marekani, akapanda gari moshi mpaka nyanda za Kapiti, na katika shehena yake mlikuwamo bunduki ya Winchester ya mwaka 1895, ile ya wenzo, ambayo mpigaji huijaza kwa kuusukuma chini na kuurudisha wenzo ulio nyuma ya kifyatulio. Mgeni huyo hutamani kumwinda nyati kwa bunduki ya jadi kama ile, na akimtaka mwenyeji wake rai, aghalabu hujibiwa kwa upole kwamba kila bunduki ni njema mikononi mwa mwenye shabaha. Jibu hilo lina adabu, walakini halina nasaha ndani yake. Kwani bunduki ya mnyama mkubwa sharti ichaguliwe kwa kumtazama mnyama kwanza, kisha risasi, na mwisho kabisa ndipo ije fahari ya mwenye kuishika.

Insafu yataka tuanze na sifa za bunduki ya wenzo. John Moses Browning, fundi wa Utah aliyebuni Winchester ya 1886, ya 1894 na ya 1895, alikuwa na akili adimu katika kazi ya chuma, na ile ya 1894, ambayo zimefanywa zaidi ya milioni saba, ni nyembamba, bapa ubavuni, haina komeo la kukwama katika nguo au matawi, hushikika vema katikati kwa mkono mmoja, na humwezesha mpigaji kutia risasi ya pili pasipo kukiondoa kitako begani. Katika misitu ya Marekani, ambako kulungu wa mkia mweupe hutokea ghafula baina ya miti kwa hatua hamsini au sitini na kutoweka kabla hujavuta pumzi, sioni bunduki ya kuishinda. Risasi yake mashuhuri, .30-30, hupeleka gramu 11 za risasi kwa mwendo wa mita 670 hivi kwa sekunde, na hiyo yamtosha kulungu, yamtosha dubu mweusi, yamtosha nguruwe mwitu, madhali mpigaji ajua kungoja. Wale wa kwetu waishio huko, walioanza kuwinda pamoja na majirani zao, wasione haya kuinunua kwa kuwa wenzao wana bunduki za kisasa zenye darubini kubwa.

Lakini kila umbo lina mpaka wake, na mpaka wa bunduki hii umo katika ghala yake ya risasi, jambo ambalo mnunuzi aghalabu halitazami. Katika nyingi za aina hii risasi hulazwa ndani ya mwanzi wa chuma chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, hata ncha ya hii ikawa imeielekea fataki ya ile iliyoitangulia. Na kwa kuwa bunduki yenye nguvu ikilia hurudi nyuma kwa kishindo, na zile zilizobaki mwanzini zikasukumana, ncha iliyochongoka yaweza kuipiga fataki sawasawa na vile ipigwavyo na pini, baruti ikalipuka humo humo, juu ya kiganja cha kushoto cha mpigaji. Ndiyo maana risasi za bunduki hizo kwa kawaida hufanywa na pua bapa au ya mviringo. Pua ya namna hiyo humtikisa mnyama sana kwa karibu, ila hushindana na upepo na kupoteza mwendo mapema, hivyo mwenye .30-30 akipita hatua mia na hamsini amekwisha kuitoka bunduki yake na kuingia katika bahati, na mnyama hana dhima ya kulipia bahati ya mtu.

Browning aliliona tatizo hilo, naye katika ile ya 1895 aliuacha mwanzi akaweka sanduku la risasi chini ya mtambo, zikapangwa moja juu ya moja, na hivyo ikaweza kula risasi iliyochongoka. Warusi waliagiza karibu 300,000 za umbo hilo kwa askari wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1904 ikatolewa kwa risasi ya .405, gramu 19.4 kwa mita 670 kwa sekunde, na hiyo ndiyo aliyokuja nayo Roosevelt akaisifu kwa simba hata akaihesabu kuwa ni dawa yao. Katika safari ile waliua simba 17, yeye 9 na mwanawe Kermit 8. Hapo ndipo mwigaji hukoma kusoma. Roosevelt huyo huyo, alipoingia msitu wa Mlima Kenya kumfuata tembo, hakushika Winchester; alishika bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, .500/450, aliyotunukiwa na Waingereza waliomheshimu. Simba ana ngozi nyepesi, tembo ana fuvu la kina kirefu, naye alibadili silaha kwa kumtazama mnyama. Ikiwa ni kumwiga, na aigwe katika hilo.

Weka .405 ubavuni mwa .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, na hoja itakuwa dhahiri: uzito wa risasi zake ni ule ule, gramu 19.4, lakini .375 ni nyembamba zaidi, na kwa hiyo ndefu zaidi, nayo huenda kwa mita 770 hivi kwa sekunde, basi hupenya mbali mahali ambapo mwenziwe, fupi na pana, imekwisha kusimama. Kanuni za Tanzania huiweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari, na kuna wenye kusema kwamba .405 au .45-70 ni pana kuliko hiyo, kwa hiyo zimehalalika. Kwa hesabu ya rula wamesema kweli. Kwa nyati anayetazamana nawe, mwenye bega la misuli na mifupa mbele ya moyo wake, rula haina kazi. W. D. M. Bell, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, hakuwashinda kwa upana wa risasi bali kwa urefu na ugumu wake, na kwa kuijua njia ya ubongo kama aliyeichora mwenyewe. Asiyekuwa na elimu ile asijifananishe naye.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya watu ambao majina yao hayaandikwi chini ya picha. Nyati akijeruhiwa na risasi iliyoishia begani, hujitoma kichakani na kungoja, na atakayetangulia mle kwa kuinama, macho yakiwa katika tone la damu juu ya jani, si mgeni. Ni mfuata nyayo, mtu wa kijiji cha jirani, mara nyingi mikono mitupu, na nyuma yake mwindaji bingwa. Wakimkosa hata jua likachwa, kesho yake nyati huyo mwenye maumivu atakutana na mama aliyekwenda kutafuta kuni. Fahari ya historia haiwezi kuwa na thamani hiyo, na mwenyeji anayenyamaza ili asimuudhi mteja ameshiriki katika deni.

Kuhusu .45-70, risasi iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1873, leo hupatikana ikiwa na baruti kali na risasi nzito ngumu, na wapo waliowaangusha nyati kwayo. Siwakanushi. Lakini risasi kali hiyo haifai kutiwa katika bunduki kuukuu iliyojengwa kwa baruti ya moshi, na hata katika mpya, joto la mchana huongeza nguvu ya mlipuko, ganda likashika ndani ya mtutu, na wenzo hauna nguvu ya kuling'oa ganda lililokwama kama lilivyo nayo komeo la bunduki ya Mauser.

Basi mgeni aje na .405 yake, nasi tumkaribishe nayo kwa pofu, kongoni na nyumbu, kwa masafa yasiyozidi hatua mia, ambako ataona raha yake yote na mnyama ataanguka bila kuteseka. Siku ya nyati aiache kambini, ashike .375 ya komeo yenye risasi isiyofumuka, na kabla ya kutoka mwindaji bingwa amsimamishe nyuma ya fimbo ya miguu mitatu, apige tatu kwa hatua sitini. Zikitawanyika kupita upana wa sahani, siku hiyo waende kutafuta nyumbu.