Kenya: Uzito wa mtoto huanzia kwenye sufuria ya nyumbani

Nchini Kenya, takriban asilimia 3 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano wana uzito uliozidi, kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022. Kwa mtazamo wa haraka, kiwango hicho hakistahili kuzusha hofu. Hata hivyo, utafiti huohuo unaonyesha kuwa zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Takwimu hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja, kwani mama na mtoto hula kutoka sufuria moja. Mafuta, sukari na chumvi vinavyomwongezea mzazi uzito ndivyo vinavyomjengea mtoto ladha atakayoitafuta ukubwani.

Mazoea hayo huanza mapema. Wataalamu hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, lakini nchini Kenya ni takriban watoto sita tu kati ya kumi wanaopata nafasi hiyo. Baadaye huja uji uliokolezwa sukari, soda ya kumtuliza anayelia na chipsi za jioni mzazi anapochelewa kurudi kazini. Katika familia nyingi, mtoto mnono bado huhesabiwa kuwa ushahidi wa malezi mema, na anayekataa kumaliza chakula hulazimishwa.

Kutembea na kucheza nako kumepungua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtoto wa miaka mitatu hadi minne awe katika mwendo kwa angalau saa tatu kwa siku, na asizidishe saa moja mbele ya skrini. Katika nyumba za ghorofa za Nairobi zisizo na uwanja, televisheni na simu mara nyingi ndizo huwa yaya.

Hata hivyo, kuwalaumu akina mama pekee hakutoshi. Mzazi hununua kile ambacho kipato chake, muda wake na duka la jirani vinamruhusu. Isitoshe, asilimia 18 ya watoto wa Kenya wamedumaa, na katika kaunti ya Kilifi kiwango hicho kinazidi theluthi moja. Kwa hiyo, ujumbe wa kula zaidi, au kula kidogo, hauwezi kuifaa nchi nzima. Kinachohitajika katika pande zote mbili ni chakula bora: maharagwe, mboga, matunda, mayai na maziwa.

Kenya bado ina muda. Mizani ya kliniki huonyesha uzito wa mtoto mmoja, ilhali chanzo cha uzito huo kimo katika nyumba nzima. Serikali za kaunti, zinazosimamia shule za chekechea, zikisubiri asilimia 3 ipande ndipo zichukue hatua, zitakuwa zikipambana na mazoea yaliyokwisha kuota mizizi.