Tunamsitiri Mtoto, au Tunajisitiri Sisi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ewe msomaji, makala haya yanamhusu mtoto mgonjwa. Si mgonjwa wa homa ya siku mbili, bali mtoto aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, ambaye hakutenda lolote lililomfikisha hapo. Nakusudia kusema jambo moja tu, na huenda likawaudhi baadhi yetu: neno "sitara", ambalo ni tukufu katika Dini yetu, tumeligeuza likawa pazia la kufichia aibu ya wakubwa, na gharama ya pazia hilo anailipa mtoto kwa uhai wake.

Nitatoa mfano wa Kyela. Pengine msomaji wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja atauliza: Kyela na sisi wapi na wapi? Kyela ndiko unakotoka mchele ambao akina mama wengi wa Dar es Salaam wanaupigania sokoni. Ni wilaya ya Mkoa wa Mbeya, bondeni, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Nchi ya joto na mvua nyingi, yenye mpunga, kakao, michikichi na usipa wa ziwani. Ukivuka mto Songwe pale Kasumulu umeingia Malawi, na malori hupita hapo mwaka mzima. Palipo na mpaka, njia kuu na biashara, pana watu walio mbali na nyumba zao. Nasi watu wa pwani tunaijua habari hiyo tangu enzi za majahazi. Kwa hiyo, maradhi haya yalipotambuliwa nchini kwa mara ya kwanza, huko Kagera mwaka 1983, hayakuchukua muda mrefu kufika Mbeya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Mbeya, watu 9.6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi hivyo. Kwa Tanzania nzima ilikuwa 4.4.

Waislamu wa Kyela ni wachache kati ya majirani Wakristo. Na watu wachache huogopa kusemwa kuliko watu wengi. Huogopa isije ikasemwa, "Waoneni hao wanaojifanya wasafi." Hofu hiyo ndiyo inayoingia ndani ya nyumba na kukaa kitako.

Sasa fikiria nyumba moja huko. Simtaji mtu, kwa sababu simsemi mtu mmoja. Ni nyumba ya namna hiyo, nawe huenda unayo moja mtaani kwako. Baba amefariki. Mama ni mdhaifu. Mtoto ana miaka kumi na mmoja na analelewa na bibi yake. Vidonge vyake vimefichwa ndani ya kopo, chini ya unga, na ameambiwa kuwa ni dawa ya kifua. Wakija wageni kutoka pwani, kopo halifunguliwi mpaka waondoke, hata wakikaa siku nne. Ami yake amekataza asitibiwe Kyela mjini, kwa kuwa pale wanajulikana; sharti apandishwe milima ya Tukuyu mpaka Mbeya mjini, safari ya zaidi ya kilomita mia moja. Nauli ikikosekana, na dawa imekosekana. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, ustadhi wa chuoni anataka kujua kwa nini kijana huyu mkubwa hafungi, na bibi hana la kujibu. Tena bibi ana wajukuu wengine watatu. Gunia moja la mpunga alilo nalo, je, liende kwenye nauli ya mgonjwa au kwenye daftari na sare za wazima?

Nakuomba usimlaumu bibi huyu. Yeye anapenda, na anahangaika. Sisi tunaomzunguka, kwa ndimi zetu, ndio tuliomfanya aone kwamba kuficha ni salama kuliko kutibu. Hebu basi tuziangalie hoja tunazompa, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza husema: maradhi haya ni alama ya zinaa, na kuyataja ni kutangaza dhambi ya marehemu. Subhanallah! Qur'ani imetufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto huyu anabeba mzigo wa nani? Na mama yake je? Wanawake wangapi wameyapata maradhi haya katika kitanda cha halali, kwa mume waliyemwoa kwa mahari na mashahidi? Sheria yetu inataka mashahidi wanne kabla ya kumtuhumu mtu kwa zinaa, na anayetuhumu bila mashahidi hao hustahili adhabu yeye. Lakini sisi tunahukumu kwa kuona chupa ya vidonge tu, tena hukumu hiyo tunaipitisha barazani huku tunakunywa kahawa!

Tena sikiliza jambo lililogunduliwa huko huko Kyela. Ni wilaya yenye matende na mabusha mengi, maradhi yanayoletwa na minyoo midogo inayopandikizwa na mbu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba watu wa Kyela wenye minyoo hiyo walipata virusi vya UKIMWI takriban mara mbili zaidi ya wenzao wasiokuwa nayo. Mbu haambukizi UKIMWI, ieleweke hivyo. Lakini yaelekea minyoo aliyoileta hupunguza ulinzi wa mwili. Watu wawili wanaweza kupita njia moja, mmoja akaugua na mwingine akapona, na tofauti yao ikawa ni kuumwa na mbu tu. Anayedhani kwamba maradhi ni mizani ya kupimia dhambi za watu, na amweleze Nabii Ayubu (a.s.) kwa nini aliugua.

Na tambua kwamba aibu hiyo haimwumizi mgonjwa tu, bali humzalisha mgonjwa mwingine. Mama mjamzito mwenye virusi asiyepata tiba, uwezekano wa kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kuzaa au kwa kunyonyesha ni kati ya 15 na 45 katika kila 100. Akipata tiba na kuifuata vizuri, hushuka chini ya 5, naye hunyonyesha mwanawe kwa ushauri wa kliniki. Tangu mwaka 2013 utaratibu wa Tanzania ni kila mjamzito anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa za maisha. Dawa hizo zimekuwa zikitolewa bila malipo tangu mwaka 2004. Basi yule aliyeogopa kupimwa kwa kuchelea midomo ya mawifi, mwanawe ameambukizwa na nini? Ameambukizwa na virusi, naam, lakini mlango umefunguliwa na midomo yetu.

Hoja ya pili husema: mtoto akiambiwa atavunjika moyo, au atatoa siri nje. Hoja hii ina sura ya huruma, ndiyo maana inadanganya wengi. Lakini mtoto si kipofu. Anaona kwamba ndugu zake hawameza kitu kila siku, ila yeye. Anaona kwamba yeye peke yake ndiye anayepandishwa basi kwenda kliniki, na ukutani kuna picha na maandishi, naye anajua kusoma. Akiambiwa kuwa ni kifua, na kifua hakimwumi, siku moja atasema, "Nimepona," na vidonge atavitupa. Virusi ambavyo dawa imevidhoofisha huamka, na dawa ikiendelea kumezwa leo na kuachwa kesho, virusi huizoea, hata isifae tena. Watoto wengi waliovuka salama utotoni hukwama hapo, kwenye miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilishauri kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao, kidogo kidogo kwa kadiri ya akili zao. Mdogo huambiwa kwamba mwilini mwake mna mdudu anayelala akipewa dawa na kuamka akinyimwa. Akikua, huambiwa jina la mdudu huyo. Wauguzi wa kliniki wamefunzwa kazi hii, na bibi hana haja ya kuibeba peke yake.

Lakini mimi nina hoja iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo imetoka katika fikihi yetu wenyewe. Mtoto akibaleghe amekuwa mukallaf, kalamu inaandika. Anaulizwa sala yake, saumu yake, na namna anavyowatendea watu. Sasa utamwachaje aingie katika hisabu hiyo hali jambo kubwa kuliko yote kuhusu mwili wake amefichwa? Kesho ataposa, au ataposwa. Wazee mliokaa kimya mtakwenda kula pilau ya harusi, na msichana wa watu ataingia nyumbani bila kujua lolote. Hiyo ni ghishi, na Mtume (s.a.w.) alijitenga na mwenye kughushi hata katika kuuza nafaka, seuze katika ndoa! Na dhambi ya ghishi hiyo si ya kijana asiyejua, bali ni ya waliomfungia ndoa hali wanajua. Kumbe angeambiwa mapema, akafuata dawa mpaka virusi visionekane katika kipimo, asingemwambukiza mwenzi wake, angeusema ukweli kabla ya akdi, na angezaa watoto wazima. Ukweli ungemwozesha kwa heshima.

Hoja ya tatu husema: sisi tunamtegemea Mungu, na kombe latosha. Ndugu yangu, kombe lina heshima yake, na dua ni silaha ya muumini. Lakini dua na dawa si wake wenza, hata mmoja akiingia mwingine atoke. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kutawakali, Mtume (s.a.w.) alimwambia amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali, na akatuamrisha tutafute tiba. Tumesahau mwaka 2011? Maelfu kwa maelfu ya watu, Waislamu na Wakristo, walifunga safari mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Wako waliofia katika foleni, na wako walioacha dawa zao za UKIMWI wakiamini wamepona, na virusi vikawarudia. Mtu mzima akichagua hivyo, atajibu mwenyewe. Ila mtoto wa miaka kumi na mmoja hakuchagua. Vidonge vyake vimeondolewa na mkono wa mkubwa. Na atakayeulizwa ni mwenye mkono.

Ama ustadhi anayehoji saumu, na akumbuke kwamba mtoto hajawajibika, na kwamba mgonjwa aliyekwisha kubaleghe Qur'ani yenyewe imempa ruhusa. Siku hizi wengi humeza mara moja kwa siku, na daktari akiridhia, dawa huwezekana kuwekwa wakati wa futari au daku. Swali hilo huulizwa daktari faraghani. Haliulizwi mtoto mbele ya wenzake.

Limebaki gunia la mpunga. Hili ndilo zito kweli, maana bibi anaogopa kuwadhulumu wazima kwa ajili ya mgonjwa. Jibu lake ni kwamba uadilifu baina ya watoto si kugawa sawa kama mikate. Uadilifu ni kila mmoja kupewa kile ambacho bila hicho ataangamia. Mwenye njaa hupewa chakula, mgonjwa hupewa nauli. Lakini kwa nini swali hili aulizwe bibi peke yake? Zaka ya mji inakwenda wapi? Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki nyingi za Afrika Mashariki zilitikisika, na wengi walilalamika kwamba mkono wa mbali umeondolewa. Nami nauliza: mkono wa karibu ulikuwa wapi? Nauli ya mtoto mmoja kwenda kliniki si mzigo kwa msikiti wenye safu mbili za maamuma.

Wala usiseme kwamba haiwezekani. Huko Uganda, Jumuiya ya Madaktari Waislamu katika miaka ya mwanzo ya 1990 iliwafundisha maimamu na wasaidizi wao habari za maradhi haya, nao wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakikaa na familia. Waislamu wa Uganda nao ni wachache katika nchi yao, kama wa Kyela. Uchache haukuwazuia.

Basi sitara ni nini? Sitara ni ukuta wa nje wa nyumba, mpita njia asione yaliyomo. Haki hiyo mtoto anayo kamili: siri yake isitoke kwa ustadhi, kwa mwalimu, kwa jirani wala kwa shangazi, na Sheria ya UKIMWI ya Tanzania, namba 28 ya mwaka 2008, nayo imekataza mgonjwa kubaguliwa na mtoa huduma kuitangaza siri yake. Lakini hakuna fundi anayejenga ukuta katikati ya chumba ili mwenye nyumba asikione kitanda chake mwenyewe.

Ewe msomaji, kama unayo nyumba hiyo, litoe kopo chini ya unga leo. Kama huna, chunga ulimi wako, ili mwenye nayo apate kulitoa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe walinzi wa amana zetu, na asitufanye sisi kuwa maradhi ya pili ya watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.