Usinunue Kadi ya Grafiki kwa Macho

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Huku Eastlands, kutoka Buruburu hadi Kayole, kuna kitu king'aacho ambacho kinamaliza pesa za vijana, nacho ni kadi ya grafiki. Kijana akiona gemu kwenye kompyuta yake inahengi, anajiambia kwamba dawa ni kadi kubwa, basi. Anadunduliza, anaenda tao, anarudi na boksi lenye picha ya joka. Akiichomeka, gemu ni ile ile na inakwama pale pale. Maoni yangu ni haya: kadi na prosesa ni ndoa, na ndoa haifungwi kwa kumtazama bibi harusi peke yake.

Kwanza nieleze kazi ya kila mmoja, maana wengi wetu huyataja majina haya kwa mbwembwe bila kuyajua. Ukitaka kuelewa, nenda pale Kariobangi Light Industries uwatazame mafundi wawili wakiunda geti. Mmoja anapima chuma, anatia alama na kukikata. Mwenzake anachomelea na kupaka rangi. Prosesa ni huyo wa kupima: inaamua mpira umeenda wapi, adui amejificha wapi, gari limegonga nini, halafu inaiambia kadi ichore nini. Kadi nayo huchora picha na kuituma kwenye skrini. Sasa yule anayepima akiwa mzito, hata ukimleta mchomeleaji hodari kuliko wote Nairobi, atakaa tu na miwani yake mkononi akingoja chuma. Na mchomeleaji akiwa goigoi, vyuma vilivyopimwa vitarundikana. Geti litatoka kwa mwendo wa yule aliye polepole.

Tuipige hesabu, kwa kuwa namba hazidanganyi. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Ili gemu itoe picha 60 kwa sekunde, ambazo wachezaji huziita fremu, kila fremu iwe tayari kwa milisekunde 16 na kitu. Tuseme prosesa yako inachukua milisekunde 25 kuandaa fremu moja, na kadi yako inachukua 20 kuichora. Zinafanya kazi kwa kupokezana: kadi ikichora hii, prosesa inaandaa ijayo. Kwa hivyo gawanya 1,000 kwa 25, utapata fremu 40. Haya, uza simu yako ununue kadi inayochora kwa milisekunde 5 tu. Utapata ngapi? Ni 40 zile zile! Hapo simu imeenda, na gemu haijasonga hata hatua moja.

Haya si mambo ya kubuni. Mtaani kwetu kuna vijana watatu ambao walichanga pesa za kibarua cha mjengo wafungue kibanda cha gemu. Walikuwa na kompyuta yenye prosesa ya Core i3-3220 ya mwaka 2012, ambayo ina viini viwili tu. Karibu pesa zote zikaishia kwa kadi ya GTX 1060, pamoja na pawa saplai mpya, kwa sababu kadi hiyo inakula wati 120. Gemu ya mpira ikaenda poa. Lakini GTA V, ambayo wateja ndiyo waliyokuwa wakiitaka, ikawa inashtukashtuka kila gari likiingia barabara yenye msongamano. Si ajabu! Mji ule una magari na watembea kwa miguu chungu nzima, na kila mmoja lazima prosesa imfikirie. Wateja wakahamia kibanda cha jirani, na wenye kibanda wakabaki kuilaumu kadi isiyo na hatia. Jambo linaloniuma ni kwamba bodi ile ile ingeweza kupokea Core i7-3770, yenye viini vinne, ambayo ni ya kizazi kile kile na tundu lile lile. Wangegawanya pesa zao, kadi ya wastani na prosesa ya kutosha, leo hii wangekuwa wanahesabu faida.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawana haraka ya kulisema. Kompyuta nyingi tunazomudu sisi watoto wa Eastlands ni zile zilizotumika maofisini, nyingine zimetoka ng'ambo. Chukua kwa mfano Dell OptiPlex 7010, ile ya 2012. Yenye umbo la mnara ina pawa saplai ya wati 275, na ile nyembamba ina wati 240. Zilikusudiwa kuandika barua, si kupigana vita. Tundu la kadi kwenye bodi hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi kama GTX 1050 Ti ya 2016 hutosheka na hizo wati 75. Lakini RX 580 ya 2017 inataka kama wati 185 na kebo yake ya ziada, na kebo hiyo hutaipata ndani ya Dell ile. Ukilazimisha kwa kuungaunga, usishangae ukisikia harufu ya moshi. Zaidi ya hayo, kasha jembamba halipokei kadi ndefu wala pana. Kwa hivyo, kabla hujashika pesa, shika futi upime.

Hata upya wa kadi unaweza kukupotosha. Kadi ya RX 6400 ilitoka 2022, na mtu atakwambia, "Chukua hii, ni mpya kuliko zote." Kweli ni mpya, na haitaki kebo ya ziada. Hata hivyo, kadi hiyo inatumia njia 4 tu za kuwasiliana na bodi, ilhali kadi nyingi zinatumia 8 au 16. Kwenye kompyuta za kisasa njia hizo 4 zina kasi ya kutosha. Kwenye kompyuta ya 2012 kasi ya kila njia ni nusu yake au chini ya hapo. Ni kama kulifinya gari zima la Jogoo Road lipite kwenye kichochoro cha Dandora. Litapita, lakini jioni itakukuta njiani.

Je, utajuaje mkosaji ni nani kabla hujatoa doo? Kuna jaribio la bure. Fungua gemu yako, hesabu fremu, kisha punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Vitone vya kuchora vitapungua kutoka zaidi ya milioni 2 hadi chini ya milioni 1. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo inayowachelewesha. Aidha, tangu 2017 Windows 10 inaonyesha kazi ya kadi ndani ya Task Manager. Kadi ikikaa kwenye asilimia 99, inafanya kazi yake yote. Ikikaa kwenye 40 huku gemu inakwama, basi inangojea mwenzake. Tahadhari lakini: prosesa yenye viini vinne inaweza kuonyesha asilimia 30 tu, kumbe kiini kimoja kinakata roho na vingine vinapiga soga.

Tena, gemu hazifanani. Counter-Strike 2, iliyotoka 2023, inaitegemea prosesa sana, hasa kwa wale wanaoshusha ubora wa picha ili wapate fremu nyingi. Tekken 7 nayo imefungwa kwenye fremu 60, na mashine ikishindwa kuzifikisha, mapigano yenyewe yanakwenda polepole kama watu walio ndani ya maji. Hapo ngumi haifiki kwa wakati uliozoea, na mazoezi yako yanaharibika. Msidhani hayo ni mchezo wa watoto: Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya ng'ambo mwaka 2018 kwa sababu ya Tekken. Kati ya mabeste wetu wa hapa shuleni huenda yuko wa kumfuata, lakini hatafanya mazoezi kwa mashine iliyooanishwa kiholela.

Wengine watanipinga waseme, "Wacha hizo, nunua PlayStation." Nawaheshimu, ila nawauliza: kwa nini PlayStation haina shida hii? Ni kwa kuwa waliounda ndio waliooanisha. Na hata wao sheria hii haikuwasamehe. PS4 ya 2013 ilikuwa na viini vinane vya mwendo mdogo, gigahezi 1.6, na gemu nyingi zake zikaishia fremu 30. PS5 ilipokuja 2020 na prosesa yenye nguvu zaidi, fremu 60 zikawa jambo la kawaida. Ikiwa kampuni kubwa vile inabanwa, mimi na wewe wa Umoja tutapona vipi?

Najua pia kuna walimu wetu wapendwa watakaouliza gemu zina faida gani darasani. Kwa heshima, nasema faida ipo. Wati ni fizikia, kugawanya milisekunde ni hesabu, na kutumia pesa kwa busara ni biashara. Laiti somo la kompyuta lingetufungulia kasha moja tu kila muhula tukaona kilicho ndani, vijana wachache wangetapeliwa. Tunakariri kwamba prosesa ni ubongo wa kompyuta, tunapata maksi, kisha tunaenda tao kununua misuli bila ubongo.

Kwa hivyo ndugu zangu, nawasihi mambo manne. Mosi, jua ni gemu gani unayotaka kucheza. Pili, fanya lile jaribio la bure ujue aliyelemewa. Tatu, angalia wati, kebo na nafasi ndani ya kasha. Nne, dai kadi ijaribiwe mbele ya macho yako, ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, sema asante na uende zako; maduka ni mengi. Pesa zetu ni za jasho, za kubeba mawe na kufua nguo za watu. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zenyewe sharti zilingane. Kwa hayo machache, naiweka kalamu chini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu