Dadu Zenu Nzuri, Ila Haki Hazina

Najua nimepotea karibu wiki tatu, mnisamehe. Testi zimepangwa zote wiki moja utadhani wahadhiri walikula kiapo, halafu kulikuwa na seminari ya upimaji na tathmini ambayo nilitakiwa niiongoze na usiku wake sijalala. Leo Jumapili, nguo ziko kambani, maharage yako jikoni, na mi nina jambo linanikaba toka jana. Lenyewe ni la mchezo. Wale mnaoona mchezo si kitu cha kuandikia, rudini katikati ya wiki, nitakuwa na habari za BTP.

Wasomaji wa siku zote mnajua kuwa kila Jumamosi saa kumi jioni tunakaa kwenye kimbweta nyuma ya hosteli, watu sita, tunacheza Dungeons & Dragons kwa zile kanuni za msingi ambazo wenye mchezo wameziachia bure kwenye intaneti. Kwa wageni: hakuna ubao wala timu mbili. Mmoja ni refa, anasimulia. Mmefika mlangoni mwa pango, ndani kunanuka moshi, mnafanyaje? Wengine watano kila mmoja ana mhusika wake anayemsemea. Ukitaka kufanya jambo lenye hatari unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha nyongeza yako, refa anakwambia kilichokupata. (Mwenzangu wa chumbani hajazoea mpaka leo. Siku niliyoingia nikasema "mchawi wangu kafa" aliacha kula.)

Mhusika anaanzia kwenye alama sita: Nguvu, Wepesi, Ukakamavu, Akili, Busara na Mvuto. Kwa dadu, kila moja huwa kati ya 3 na 18. Ukiwa na 10 wewe ni mtu wa kawaida, huongezewi wala hupunguziwi. 12 inakupa +1, 14 inakupa +2, mpaka 18 inayokupa +4. Ukishuka kwenye 8 unakatwa 1. Na kwa dadu ya pande 20, kila +1 ni asilimia 5 ya kufanikiwa. Sasa, alama hizo zinapatikanaje? Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Muhula uliopita refa wetu aliamua turushe. Dadu nne za kawaida, unatoa iliyo ndogo kuliko zote, unajumlisha tatu zilizobaki, unarudia mara sita, kisha kila namba unaipanga unapotaka. Kaka yetu wa uhandisi akapata 17, 16, 15, 14, 13 na 10. Dada yetu wa Jiografia na Kiswahili, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kuushika mchezo huu, akapata 13, 11, 10, 9, 9 na 7. Hebu ziangalieni tena hizo namba taratibu. Alama ya tano ya kaka ndiyo alama ya kwanza ya dada! Ukijumlisha nyongeza zote, kaka ana +11, dada ana -3.

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, sitaki kujitoa.

Dada akamfanya mhusika wake mpiga mishale, ile 13 yake moja akaiweka kwenye Wepesi. Akamtungia na historia nzuri kuliko za kwetu sote, mtoto wa mvuvi aliyetoroka deni la baba yake. Wiki ya tatu tukavamiwa darajani. Dada anarusha, anakosa. Anarusha, anakosa. Kaka wa uhandisi, ambaye mhusika wake ni mtu wa upanga, akaokota upinde wa adui aliyekufa na kuanza kupiga, maana Wepesi kwake ilikuwa ni ile 14 ya kujazia tu. Akapata mara mbili mfululizo. Hakuwa na nia mbaya, jamani, alikuwa anatuokoa. Ila mi nilimwona dada anaikunja karatasi yake mara nne, anaiweka chini ya chupa ya maji. Alikuja Jumamosi nane kwa jumla. Ya tisa akasema ana testi. Ya kumi hakusema kitu.

Jana refa ametangaza kwamba Jumamosi ijayo tunaanza hadithi mpya, wahusika wapya, na tutarusha tena kama kawaida. Nikapinga, wakanizomea. Kwa kuwa pale kimbwetani sauti zenu ni kubwa kuliko yangu, nimekuja kwenye uwanja wangu.

Hoja yenu ya kwanza: kila mtu alirusha dadu zilezile, nafasi ilikuwa sawa, haki ikatendeka. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi maana inafanana na ukweli. Ni kweli kwenye mapigano dadu ni za haki, tena nazipenda. Leo unakosa, kesho unapata, ukirusha mara mia tatu bahati yako na yangu zinakaribiana. Lakini dadu za kumuumba mhusika unazirusha jioni moja, halafu matokeo yake unaishi nayo mwaka mzima. Hapo hakuna kesho ya kusawazisha. Hapa kwetu kosiweki ni 40 na UE ni 60, na bado tunalalamika kuwa karatasi moja ya saa tatu inabeba mzigo mkubwa mno. Nyie mnataka mtu apimwe kwa dakika tano, mia kwa mia, tena kwa kitu ambacho hata hakukisomea!

Na msiniambie ilikuwa ajali ya siku moja. Tofauti kama ile ya pointi 26 ni nadra, nakubali. Lakini mimi ni mtu wa Hisabati, nilikaa na kikokotoo. Kwa dadu nne ukitoa ndogo, wastani wa jumla ya alama sita ni kama 73. Chukua wachezaji wawili wowote: karibu mara moja katika kila tatu watapishana kwa pointi 10 au zaidi. Kwenye meza ya watu watano, mtu wa kumcheka hakosekani.

Hoja ya pili, ya refa mwenyewe: ndivyo mchezo ulivyozaliwa, mnataka kuuharibu. Mkuu refa, kwa heshima zote, soma historia ya mchezo wako. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa, zilikuwa dadu tatu, kwa mpangilio, hakuna kuchagua namba ikae wapi. Sawa. Lakini mhusika wa mwaka ule aliye na Nguvu 18 hakuongezewa hata pointi moja kwenye pigo la upanga! Kwa mpiganaji ilimharakishia tu kupanda ngazi. Nyongeza za Nguvu kwenye kupiga zilikuja na kijitabu cha Greyhawk mwaka 1975. Tena wahusika walikuwa wanakufa kama kuku wa mdondo, na mwingine ulimtengeneza kabla chai haijapoa. Kwa hiyo dadu mbaya haikuwa kitu, ilikusumbua jioni moja tu.

Alama zilipoanza kuwa na uzito, wenyewe wakaanza kuhangaika. Kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978 Gygax anaeleza kuwa ili mhusika aishi, kwa kawaida anahitaji walau alama mbili za 15 kwenda juu. Mwaka 1979, kwenye kitabu cha refa, akaweka hii njia ya dadu nne, pamoja na nyingine tatu za kuwapandisha watu. Toleo la tatu la mwaka 2000 likaruhusu kabisa kutupa matokeo na kurusha upya ikiwa nyongeza zako zote zinajumlisha 0 au chini yake, au kama alama yako kubwa haizidi 13. Dada yetu alikuwa na yote mawili! Angekuwa anacheza kwa kanuni za mwaka 2000 angerusha upya bila kumwomba mtu. Yaani sisi tumechukua dadu za nyumba ya zamani, tukazileta kwenye nyumba mpya ambako kila +1 ina kazi na mhusika anaishi miaka, halafu tunaita mila.

Ila hapa kuna kitu mnakikwepa. Siku ileile mmoja wetu (simtaji, anajijua) alipata 6, akasema dadu iligonga kikombe, haihesabiki. Refa akasema haya rudia. Akapata 14. Mwingine dadu yake ilianguka kwenye nyasi ikiwa na 1, na ya kwenye nyasi tukakubaliana nayo haihesabiki. Dada hakusema dadu yake imegonga kitu chochote. Alikuwa mgeni, hakujua kuwa huruma inaombwa. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika leo. Kurusha kwetu hakujawahi kuwa bahati tupu. Ni bahati kwa wapole, na majadiliano kwa wenye mdomo. Sote tumewaona watu wa namna hiyo kwenye milango ya wahadhiri baada ya matokeo kubandikwa, na tunawasema vibaya sana tukiwa tunakula.

Kuna na wale wa "maisha nayo si sawa, mchezo unaiga maisha." Aisee. Tuko chuo ambako mmoja anapata bumu lote, mwenzake wa kitanda cha chini hana hata senti, na we unataka Jumamosi jioni tukakae kwenye zege kujifunza kuwa maisha si sawa? Tutafute somo jingine.

Yenye akili zaidi ni ile ya kwamba udhaifu ndio unaoleta hadithi. Hii naikubali nusu. Mchawi wangu marehemu alikuwa na Nguvu 8, hawezi kufungua mlango uliovimba kwa mvua, na tulicheka mpaka walinzi wakaja. Lakini pale pana udhaifu mmoja pembeni ya Akili 16. Mtu akiwa wa wastani kwenye kila kitu, na katika kila kitu hicho kuna mwenzake mezani anayemzidi, hapo hakuna hadithi. Kuna mtu anasubiri zamu yake ili akose.

Haya, utasema basi tununue kwa pointi. Njia hiyo ipo. Champions walikuwa nayo 1981, GURPS 1986, na D&D ya 2014 inakupa pointi 27 za kununulia alama kuanzia 8 mpaka 15, ambapo 14 inagharimu 7 na 15 inagharimu 9. Ni ya haki kwenye karatasi. Kwa vitendo, kaka wa uhandisi anatoka na 15, 15, 15, 8, 8, 8 (pigeni hesabu, ni 27 kamili), na mgeni anatawanya pointi zake kama mtu aliyepewa bumu la kwanza. Tena ile hamu ya kusubiri uone umepata nani inakufa, na hapo nawaelewa mnaopenda dadu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni karata. Chukua za kawaida, toa hizi 18 tu: mbili tatu, tatu zote nne, nne zote nne, tano zote nne, na sita tatu. Kila mchezaji anazichanga zote 18, anazigawa mafungu sita ya karata tatu tatu, anajumlisha kila fungu, anapanga namba anapotaka. Anamrudishia jirani. Fungu linaweza kuwa 18, linaweza kuwa 6, hujui mpaka ugeuze. Lakini jumla ya mafungu sita ni 72 daima, sawasawa na ile seti ya 15, 14, 13, 12, 10, 8 iliyomo kwenye kitabu. Ukipata fungu kubwa mno, mafungu mengine yanalipa.

Na kuna uzuri ambao niliugundua nikiwa kwenye foleni ya maji: kwa kuwa jumla haibadiliki, nyongeza zako zote zikijumlishwa haziwezi kushuka chini ya +3 wala kupita +6. Jaribuni, mtashindwa kunipinga. Linganisheni na ile +11 na -3 yetu. Si usawa wa mizani ya sonara, maana mwenye 18 moja na mwenye 12 sita hawatacheza sawa, lakini hizo ni tofauti za watu wawili wanaoweza kukaa meza moja. Na hakuna karata inayogonga kikombe.

Mkikataa karata kwa kuwa mama zenu waliwaambia ni kamari, basi sisi ni sita na alama ni sita. Kila mmoja, pamoja na refa, arushe namba moja mbele ya wote, na wote tutumie seti hiyohiyo. Tukipata mbaya, tumepata mbaya sote, na hadithi ya watu watano dhaifu mi nitaicheza kwa furaha.

Refa, najua unasoma hapa maana wewe ndiye wa kwanza kunisahihisha herufi. Maoni weka hapo chini, usinisubiri kantini. Karata 18 nimeshazitenga, ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya desa la takwimu.

Na dada, kama kuna mtu atakuonyesha hii: Jumamosi saa kumi, kimbweta kilekile. Yule mtoto wa mvuvi karatasi yake ninayo, sikuitupa. Ina mikunjo minne lakini inasomeka.

Maharage yananuka kuungua, nakimbia.