Akili ya Chupani

Uvumi kwamba vidonge vya vitamini huzidisha akili za wanafunzi haukuzaliwa dukani. Ulizaliwa katika majarida ya wataalamu, ukalelewa na watangazaji, na ulipokwisha kukomaa ndipo wachuuzi walipoutia chupani na kuutembeza dunia nzima. Si haki, basi, kumcheka mzazi wa Nyamiaga, wilayani Ngara, akiusadiki.

Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapa habari za watoto 90 wa Wales. Waliopewa vitamini na madini kwa miezi minane walipanda katika mtihani wa akili usiotumia maneno. Katika ule wa maneno hawakupanda. Televisheni ya BBC ililipigia jambo hilo mbiu, na maduka ya Uingereza yakaishiwa vidonge. Wataalamu wengine walipojaribu London, na baadaye Dundee, hawakuona tofauti yoyote. Mbiu hiyo ya pili haikupata mpigaji.

Kituko kikubwa zaidi kilitukia Durham mwaka 2006, safari hii kwa mafuta ya samaki. Halmashauri ya huko iliwagawia maelfu ya wanafunzi vidonge vilivyotolewa na kampuni iliyoviuza, ikaliita tendo hilo jaribio. Jaribio gani hilo lisilo na watoto waliopewa vidonge bandia, ili hawa wapimwe kwa wale? Mwishoni, waliokuwa wamemeza kama walivyoagizwa walikuwa 832, nao ndio waliotolewa kuwa ushahidi. Mtoto amezaye kidonge kwa miezi mingi bila kukosa ana nidhamu, na pengine ana mama asiyesahau. Mtoto wa namna hiyo hufaulu hata akinyweshwa maji matupu!

Walakini kazi ya haki ilikwisha kufanywa karibu na nyumbani. Huko Embu, nchini Kenya, tangu mwaka 1998 shule 12 ziligawanywa kwa kura: wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyozidishwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula. Wala nyama walipanda zaidi katika mtihani wa kufikiri kwa michoro. Wanywa maziwa hawakuwapita wasiopewa kitu. Jibu hilo halikumpendeza kila mtu, lakini halikufichwa.

Pemba nako, watoto wasiotimiza miaka mitatu walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Mwaka 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa hatari ya kulazwa hospitali au kufa ilikuwa imezidi kwa asilimia 12 katika kisiwa hicho kilichojaa malaria. Kama pasingalikuwa na kundi la kulinganisha, misiba ile ingaliitwa kudura ya Mungu, na vidonge vingaliendelea kugawiwa kwa shangwe.

Mwandishi wa habari asiyeuliza waliolinganishwa ni nani, na gharama ililipwa na nani, ni dalali asiyejijua. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022, yapata theluthi moja ya watoto wa Kagera wasiofikia miaka mitano walikuwa wamedumaa, katika mkoa usiokosa ndizi. Kwa ajili ya dalali huyo maharage hutoka ghalani, na samaki au yai hukosa kununuliwa, ili chupa iingie nyumbani.