Nani Anakaa Mezani Viwango Vikiandikwa?

Boom lilipoingia mwezi uliopita, niliichukua laptop yangu hadi Kariakoo nikaiongezee RAM. Fundi alifungua mgongo wa mashine, akachomoa kipande cha zamani, akaniuliza nataka cha kampuni gani. Nikamwambia nataka cha bei nafuu. Akacheka, akatoa kipande chenye jina ambalo sijawahi kulisikia, akakibana, akawasha. Ikakubali. "Mdogo wangu, ilimradi ni DDR4, jina la kampuni lisikusumbue," akaniambia. Nikalipa, nikapanda daladala, nikarudi hosteli.

Njiani nikaanza kujiuliza. Nani alikubaliana na nani mpaka kipande cha kampuni moja kikaingia kwenye mashine ya kampuni nyingine bila ugomvi? Huu ni mwaka wangu wa nne nasoma uhandisi wa kompyuta hapa chuoni. Nimefundishwa RAM inavyofanya kazi, nimefanya hadi UE yake. Swali la nani aliamua ifanye kazi hivyo sijawahi kulisikia darasani.

Jibu lake lina jina: JEDEC, jumuiya ya viwango iliyoanzishwa Marekani mwaka 1958. Wanachama wake ni kampuni. Wamo wanaotengeneza chipu na wamo wanaozinunua ili watengeneze kompyuta na simu. Wanakutana kwenye kamati, wanabishana pini ziwe ngapi, umeme uwe volti ngapi, data isomwe kwa mpangilio gani, kisha wanapiga kura. Kiwango cha DDR4 walikichapisha mwaka 2012. Kuanzia hapo kiwanda chochote kinachokifuata kinaweza kutengeneza kipande kitakachoingia kwenye laptop yangu. Wauzaji wakiwa wengi, bei inashuka, na mwanafunzi mwenye boom la mawazo naye anapata chake. Kwa hiyo sina ugomvi na viwango. Ugomvi wangu ni kwamba tunavichukulia kama mvua, kitu kinachoshuka tu kutoka juu. Viwango vinaandikwa na watu waliokaa kwenye viti, na kila kiti kina mwenyewe.

Tuchukue kisa kimoja ambacho naona kila mwanafunzi wa uhandisi angepaswa kukijua. Mwaka 1990 ilianzishwa kampuni ya Marekani inayoitwa Rambus. Ilibuni teknolojia za chipu za kumbukumbu, lakini haikuwa na kiwanda. Biashara yake ilikuwa kuwauzia wenye viwanda leseni za ubunifu wake. Mwaka huohuo ikaomba hataza, yaani haki ya kisheria inayomlazimu mwingine akuombe ruhusa na kukulipa akitaka kutumia ubunifu wako. Muda mfupi baadaye ikaingia JEDEC, ikaketi kwenye kamati iliyokuwa inaandika kiwango cha SDRAM, babu wa hizi DDR zetu. Mwaka 1996 ikajitoa. Kufika mwaka 2000, dunia nzima ikiwa imeshajenga viwanda kwa kufuata kiwango kile, Rambus ikaanza kwenda mahakamani: mnatumia ubunifu wetu, lipeni mrabaha.

Wenzake wakahamaki. Wakasema huyu bwana alikaa nasi, akasikiliza tunachopanga, akarekebisha maombi yake ya hataza yaendane na tunachopanga, na hakufungua mdomo. Mwaka 2002 tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa kibiashara ikaifungulia Rambus mashtaka, na mwaka 2006 ikaamua kwamba kampuni hiyo ilijipatia ukiritimba kwa njia ya hila. Lakini mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo. Ilisema tume haikuthibitisha kwamba kama Rambus ingesema ukweli, JEDEC ingechagua njia nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2003, mahakama nyingine ya rufaa ilikuwa imeshaipa Rambus ushindi katika kesi yake na kampuni ya Ujerumani ya Infineon, ikieleza kwamba kanuni za JEDEC kuhusu kutangaza hataza hazikueleweka vizuri. Huko Ulaya shauri liliishia kwa makubaliano mwaka 2009: Rambus ikaahidi kuweka kikomo cha mrabaha wake kwa miaka mitano.

Ndugu msomaji, sikisimulii kisa hiki ili tuilaani Rambus. Sheria imeshasema yake, na ubunifu wa wahandisi wake ulikuwa wa kweli. Ninachotaka tukione ni kwamba sehemu kubwa ya mvutano ule ulitegemea karatasi chache za kanuni za uanachama. Mwanachama anatakiwa aseme nini, lini, kwa nani? Kanuni zilipokuwa na ukungu, mawakili walikula miaka. Na fedha za kesi na mrabaha kampuni hazitoi kwenye sadaka. Zinatoka kwenye bei ya bidhaa, ambayo mwisho wa siku inalipwa na mteja, wa Chicago kwa wa Kariakoo.

Najua kuna watakaonijibu: "Sasa ulitaka nani aandike viwango vya chipu, wauza samaki?" Hoja hiyo ina uzito. Bila wenye viwanda kwenye kamati, kiwango kitakuwa ndoto ya makaratasi. Na si kila kampuni inakaa mezani kwa kuvizia. USB tunayochajia simu ilitoka kwenye kundi la kampuni lililojumuisha Intel, Microsoft, Compaq na IBM katikati ya miaka ya 1990, na Intel ikakubali ubunifu wake uliomo utumike bila mrabaha. Leo kila mtu ana waya wa USB chini ya mto. Kwa hiyo tatizo si mtengeneza chipu kuwa mwanachama. Tatizo ni uanachama usio na uwazi, na meza ambayo upande wa mtumiaji hauna mtu.

Hapo ndipo panaponiuma. Tumezoea kusema sisi ni wadogo, hayo ni ya wakubwa. Lakini mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, profesa Krste Asanović na wanafunzi wake Yunsup Lee na Andrew Waterman walihitaji seti ya amri za chipu kwa ajili ya utafiti na kufundishia. Nyingi kati ya zilizokuwepo zilikuwa mali za kampuni. Wakaamua kuandika ya kwao, wakidhani ni kazi ya miezi mitatu. Ikawa RISC-V, ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni. Mwaka 2015 ikaundiwa jumuiya yake, ambayo sasa makao yake yako Uswisi, na mwaka 2022 Intel yenyewe ikajiunga katika ngazi ya juu ya uanachama. Yaani meza iliyotengenezwa na wanafunzi, jitu la chipu likaja kuomba kiti.

Jumuiya hiyo ina ngazi ya uanachama isiyo na ada kwa watu binafsi na taasisi za kitaaluma. IETF, wanakoandika viwango vya intaneti, haina hata kadi ya uanachama. Unajiandikisha kwenye orodha ya barua pepe ya kikundi kazi, unasoma rasimu, unatoa hoja. Gharama yake ni bando na usingizi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote yamo ndani ya uwezo wetu. Idara iongeze angalau wiki mbili za somo kuhusu jinsi viwango vinavyoandikwa, pamoja na hataza na mrabaha, maana tunahitimu tunajua kusoma kiwango lakini hatujui kukipinga. Uongozi wa chuo ujiunge na jumuiya zile ambazo mlango wake uko wazi, na majina ya wanafunzi yawemo kwenye orodha ya wawakilishi. Na serikali yetu ya wanafunzi, ambayo kila mwaka inapata fedha za bonanza, ikate kidogo tu ilipie bando la kikundi cha watu kumi wanaofuatilia kamati moja kwa mwaka mzima.

Wa kwanza kwenye hao kumi nitakuwa mimi. Nimeshajiandikisha kwenye orodha moja ya barua pepe, na nakiri wiki hii nimesoma barua zaidi ya thelathini, nikazielewa kama nne. Nikipata mwenzangu wa kusoma naye, huenda wiki ijayo tutaelewa kumi. Anayetaka anikute maktaba Jumamosi saa nne asubuhi, meza ya dirishani. Viti vipo.