Helisi ndogo si mchezo: tufundishe batoto mbele ya kuwapigia makofi

Vakansi kubwa imefika. Ni wakati ambapo vijana wenye kupenda ufundi wanafungua tena karto zao: frigolite, mbao nyepesi, batri, moteri ndogo iliyotafutwa kwa shida. Wanatengeneza ndege ndogo ya telekomande, na siku inaruka, kartiye yote inatoka inje kuangalia. Sisi pia tunafurahi. Inchi kubwa kama yetu, yenye barabara mbaya, inahitaji batoto ambao banajua namna ndege inaruka.

Lakini kuko neno moja ambalo bakubwa hawasemi sana. Watu wanaogopa ndege ndogo isianguke juu ya kichwa cha mtu. Hatari ya kwanza iko karibu zaidi: ni helisi, na inaanza palepale ku meza, wakati wa kuifunga.

Tufanye hesabu. Tuchukue helisi ya santimetre 25, yenye kuenea ku moteri ndogo. Ikizunguka mara 10.000 ku dakika moja, ncha yake inakimbia zaidi ya kilometre 470 kwa saa. Na ikizunguka vile, macho haiioni tena. Inaona paka hewa. Njo maana mkono unaingia pasipo mtu kujua.

Basi fundi mwenye akili anaangalia helisi mbele ya kuifunga. Ikiwa na ufa, ikiwa imekwanguka ao imepinda, haina dawa. Hakuna kole ya kuiponyesha, kwani ikivunjika moteri ikizunguka, kipande kinaruka kama risasi. Aivunje kabisa, mtoto mwingine asiiokote ku takataka. Tundu la katikati lilingane na chuma ya moteri. Kulipanua na kisu kwa kukisia kunaharibu mizani, na moteri yote inatetemeka. Upande wenye namba uangalie mbele. Kisha rondele, kisha ekru, na kukaza kwa kle yenye kipimo chake, si kwa pinse.

Moteri ya mafuta iko na tabia mbaya: wakati wa kuwasha inaweza kupiga kinyume, ekru ikalegea, helisi ikatoka. Kwa hiyo ekru ya pili ya kufunga ile ya kwanza si mapambo. Na helisi ya mbao inaomba kuangaliwa tena na tena, maana mbao inavimba wakati wa mvua na inasinyaa ku kiangazi. Ile uliyokaza vizuri mwezi wa tatu inaweza kuwa imelegea mwezi huu wa saba.

Moteri ya batri, watu wanaiona mpole juu haina kelele nyingi. Wanajidanganya. Ya mafuta ikigonga kitu, mara nyingine inazimika. Ya umeme inaendelea kusukuma. Basi ku meza, wakati wa kujaribu telekomande, helisi itolewe kwanza. Batri iunganishwe mwisho, telekomande ikiwa imekwisha kuwashwa na ndege imeshikwa nguvu.

Wakati wa kuwasha moteri ya mafuta, kidole kisisukume helisi. Fimbo yenye kuvalishwa mupira inatosha. Mwenzake ashike ndege, na moteri ikikamata, mwenye kuipanga apite nyuma. Asikuwe mtu mbele, wala ku pembeni sawasawa na helisi, kwani kipande kikitoka kinafuata njia hiyo. Kamba ya shingo, mikono mirefu ya shati, kitambala: vyote vifungwe ao vitolewe.

Bamoja watatuambia: « Achani, fundi anajifunza kwa kuumia. » Hapana. Mkono wa fundi njo shamba yake. Kijana mwenye kupoteza vidole kwa miaka 15 hatapata vingine ku soko, na jicho vilevile. Wengine watasema vyombo viko bei. Lakini fimbo, kipande cha mupira na kamba ya kufungia ndege ku mti si bei. Kinachokosa ni mtu wa kusema.

Ndiyo sababu tunaomba mambo matatu. Walimu wa masomo ya teknike wafundishe kufunga helisi mbele ya kufundisha kuwasha moteri. Bazazi, mbele ya kutoa feza ya moteri, wamuulize mtoto: utaifunga namna gani, utasimama wapi, nani atashika ndege? Wenye kuuza waiuze pamoja na ekru na rondele zake. Na wewe mwenye kupiga picha na telefone, usimuite mtoto asimame mbele ya helisi yenye kuzunguka.

Si jambo la mchezo wa batoto tu. Ku Kilambo, kule Walikale, ndege za kubeba kasiterite zilikuwa zinatua ku barabara yenyewe. Ku inchi ambako watu wanaishi karibu na ndege namna hiyo, kuheshimu helisi ni elimu ya kila mtu. Anayeiheshimu ile ya santimetre 25 hatakimbilia ile kubwa mbele haijasimama.

Batoto baruke, na bakirudi ku nyumba, vidole vikuwe kumi.